Kabla Rimu Haijapanda Basi Kuja Kigoma

Kwa miezi minne Corolla yangu ya mwaka 1998 ilinitetemesha mikono. Mjini Kigoma haikuwa na neno. Kushuka kutoka Mwanga hadi stesheni, kwenda Ujiji na kurudi, ilikuwa tulivu kama mtumbwi kwenye maji ya alfajiri. Lakini nikishapita Kidahwe, barabara ikafunguka na mshale ukagusa 80, usukani ulianza kutikisika, na kwenye 90 hata kioo cha pembeni hakikuonyesha kitu. Nilibadilisha shokapu mbili za mbele. Nikabadilisha boljointi. Nikabadilisha tairodi endi za pande zote mbili. Kila kipande kiliagizwa Dar es Salaam, kikapanda basi, kikafungwa, na gari likatetemeka vilevile.

Aliyeuona ugonjwa alikuwa kijana wa pancha. Alivua gurudumu ili azibe tundu la msumari, akapitisha kidole kwenye tundu la katikati la rimu, kisha akanitazama. "Mzee, hili tundu ni kubwa kuliko habu yako. Rimu haijakaa katikati, imening'inia kwenye nati." Kabla tu ya matatizo kuanza nilikuwa nimenunua rimu nne za aluminiamu za mtumba. Zilikuwa na matundu manne kama zangu za chuma, na zilipendeza. Sikupima kitu kingine.

Haya nayaandika kwa mwenye gari la zamani huku kwetu, awe Mwanga, Gungu, Ujiji au Kasulu. Mtu wa Dar es Salaam akiuziwa kipande kisichomfaa, kesho yake asubuhi anarudi Kariakoo na kumkabili muuzaji uso kwa uso. Sisi tuko mwisho wa reli ya kati, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Kipande kibaya kikishafika, gharama ya kukirudisha inaweza kukaribia bei yake, na simu iliyokuwa ikipokelewa haraka haipokelewi tena. Kwa hiyo hapa kwetu futi ya chuma na dakika ishirini za kuchutama kando ya gurudumu vina thamani kuliko shokapu mpya. Ukiagiza, tuma namba. Picha ya rimu haimwambii muuzaji lolote la maana.

Anza na matundu ya nati. Kujua kwamba ni manne au matano hakutoshi. Kinachotakiwa ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo yote. Muuzaji akikuuliza "PCD ngapi?" hicho ndicho anachokitaka. Kwenye rimu ya matundu manne au sita, weka futi kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalotazamana nalo, usome milimita. Corolla 110, Vitz na IST za mwanzo zote ni 100. Hilux, Hiace za zamani na Land Cruiser nyingi za zamani zenye matundu sita ni 139.7. Matundu matano ndiyo yanayosumbua, kwa sababu hakuna tundu linalotazamana na jingine. Hapo pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.7. Umbali wenyewe kabla ya kuzidisha ukiwa karibu milimita 59, rimu ni ya 100, kama za Premio na Allion za mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wish ya kwanza, na Subaru nyingi za umri huo. Ukiwa 67, ni ya 114.3, kama Mark II, Noah na RAV4. Desimali hizo zimetokana na inchi: 114.3 ni inchi nne na nusu, 139.7 ni tano na nusu, na Land Rover Defender ya zamani ni 165.1, yaani sita na nusu kamili.

Magari ya Kijerumani mengi yana matundu matano ya 112. Rimu yake huingia kwenye habu ya 114.3 ukiisukuma, na fundi mwenye haraka atakwambia "imekubali". Haijakubali. Nati zinakaa kiupande, na stadi, zile bolti zinazosimama kwenye habu, zinapindwa kidogo kila gurudumu linapozunguka. Chuma kinachopindwa hivyo maelfu ya mara huchoka ndani kwa ndani na kukatika siku moja bila onyo. Kutoboa rimu matundu mapya katikati ya yale ya zamani ni hatari ileile kwa njia nyingine. Mambo haya mawili usiyakubali hata ukipewa rimu bure.

Sasa tundu la katikati, lililonigharimu mimi. Habu ya gari ina mdomo wa duara unaochomoza katikati, na rimu ya kiwandani huvikwa juu ya mdomo huo kama kifuniko cha sufuria: haichezi. Mdomo huo ndio unaoiweka rimu katikati, kazi ya nati ni kuibana. Toyota ndogo nyingi zina mdomo wa milimita 54.1, zenye matundu matano ya 114.3 huwa 60.1. Subaru na Honda ndogo ni 56.1. Nissan ndogo za matundu manne ya 100 ni 59.1. Tazama basi kinachotokea mtaani. Mtu mwenye Subaru anapata rimu za Premio, matundu matano, PCD 100, kila kitu sawa. Akijaribu kuzivalisha zinakwama, kwa kuwa tundu ni dogo kwa milimita mbili. Anakasirika, lakini amenusurika. Mwenye Premio anayepata rimu za Subaru, hizo zinaingia zenyewe, zikiacha upenyo wa milimita moja kila upande. Hakuna anayeuona. Anaondoka akiwa na furaha, na ugonjwa wake unaanza akifika kasi ya barabara kuu.

Rimu za dukani ambazo hazikutengenezwa kwa gari moja hutobolewa tundu kubwa makusudi ili ziingie kwenye magari mengi, na huuzwa pamoja na pete za kuziba nafasi inayobaki. Zikishakuwa mtumba, pete zimepotea. Za kwangu zilikuwa na tundu la 67.1 juu ya mdomo wa 54.1: upenyo wa milimita sita na nusu kuzunguka pande zote. Ni kweli kwamba nati za koni hujaribu kuivuta rimu katikati, lakini hilo hufanyika tu kama zinakazwa kidogo kidogo kwa kupishana huku gurudumu likiwa hewani. Ukiikaza ya kwanza mpaka mwisho gari likiwa chini, imeshaivutia rimu upande wake, na nyingine zinafuata.

Dawa ni pete. Za plastiki zipo na zinatosha kwa anayezunguka mjini, lakini anayeshuka mara kwa mara kutoka Manyovu au Kalinzi kwenda Mwandiga anatumia breki muda mrefu, na joto lile hulainisha plastiki. Mimi nilikwenda kwa fundi wa kukereza nikiwa na vipimo viwili nilivyovipima kwa vernia, cha ndani na cha nje, akanikerezea pete nne za aluminiamu. Siku hiyo hiyo niliendesha hadi Uvinza. Usukani ulitulia njia nzima, na shokapu za zamani, ambazo bado zilikuwa zimelala stoo, nilizitazama kwa uchungu. Hazikuwa na kosa.

Kipimo cha tatu kimeandikwa kwenye rimu yenyewe, nyuma au ndani ya mkono wake: herufi ET na namba, pamoja na upana kwa inchi. ET ni umbali wa milimita kati ya uso wa rimu unaobana kwenye habu na mstari wa katikati ya upana wake. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani. Ikipungua, linatoka nje. Chukua mfano wa rimu ya upana wa inchi 5.5 yenye ET 45. Unaletewa ya inchi 7 yenye ET 35. Upana umeongezeka milimita 38, nusu yake ndani, nusu nje. ET iliyopungua inasukuma nje milimita 10 zaidi. Jumla, ukingo wa nje umetoka milimita 29, karibu upana wa vidole viwili vya mtu mzima, na wa ndani umesogelea shokapu kwa milimita 9. Hesabu hiyo ifanye kwenye karatasi kabla ya kutuma pesa. Gurudumu lililotoka nje kiasi hicho hukwangua fenda, na pia hulemea beringi kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuikumbatia.

Kujaribu kama linagusa, wengi hufunga gurudumu, huzungusha usukani gari likiwa tupu, kisha wanalipa. Gari dogo huku kwetu haliishi tupu. Linabeba familia, ndoo za mawese, gunia la muhogo na mgeni mmoja aliyeombewa lifti. Weka watu wanne wazito ndani, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, pita taratibu juu ya tuta, kisha rudia kulia. Sikiliza. Halafu pitisha tochi ndani ya fenda utafute mahali palipong'aa. Na kabla tairi halijavalishwa, funga rimu tupu uizungushe kwa mkono uone kama haigusi kalipa ya breki, maana rimu mbili za inchi 14 zinaweza kuwa na nafasi tofauti kabisa kwa ndani.

Kuna wanaotibu mgusano wa ndani kwa spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu. Kabla hujakubali, hesabu mizunguko ya nati. Stadi za Toyota nyingi ndogo ni milimita 12 zenye hatua ya nyuzi ya milimita 1.5. Nati inapaswa kushika urefu unaolingana na unene wa stadi, yaani mizunguko minane. Spesa ya milimita 5 inakula zaidi ya mitatu kati ya hiyo. Ukihesabu ukapata mitano, gurudumu lako linashikiliwa na sehemu tano tu kati ya nane za chuma kilichokusudiwa.

Nati zenyewe zina mambo mawili. Nissan na Subaru hutumia unene uleule wa milimita 12 lakini nyuzi za 1.25. Nati yake huanza kuingia kwenye stadi ya Toyota, mzunguko mmoja au miwili, kisha inakaza. Mwenye spana ndefu huisukuma hadi mwisho na kuharibu vyote viwili. Nati ambayo haiendi kwa vidole mizunguko ya mwanzo, itoe. La pili ni kiti chake. Rimu za chuma na za aluminiamu za mtumba zilizo nyingi hutaka nati ya koni. Rimu nyingi za aluminiamu za kiwandani za Toyota za zamani hutaka nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Ukibana washa bapa kwenye tundu la koni, inashika ukingo mwembamba tu, na itajilegeza yenyewe. Hapa pana mtego wa spea. Gari lina rimu za aluminiamu za nati bapa, spea yake ni ya chuma. Unapata pancha usiku, unafunga spea kwa nati zilezile. Weka nati za koni nne au tano kwenye buti, ndani ya soksi kuukuu, zikae hapo maisha yote ya gari.

Tairi nalo lina hesabu yake. Tuseme gari lako linataka 175/65R14. Upana ni milimita 175, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana, rimu ni inchi 14. Ukijumlisha, kipenyo chote ni milimita 583. Ukiweka 185/65R14 kinakuwa 596, tofauti inayovumilika. Ukiweka 185/70R14, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo, kinafika 615, zaidi ya asilimia tano. Mshale ukionyesha 80 wewe uko kwenye 84, na injini ndogo inayopanda kutoka ziwani inahisi kama imepunguziwa gia. Kwa hiyo usishangae gari "likikosa nguvu" baada ya kubadilisha matairi. Wengi hapo huanza kufungua injini.

Kwenye matairi ya mtumba tafuta tarakimu nne ndani ya umbo la yai ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Liache lifanye kazi ya bembea. Tafuta pia neno STUDLESS. Matairi mengi yanayotoka Japani ni ya theluji, na kashata zake nene humvutia mnunuzi, lakini mpira wake ni laini makusudi ili ushike barafu. Kwenye lami yetu ya saa nane mchana unalika upesi, na gari huelea kwenye kona. Mwenye Hiace asome pia namba ya uzito. Tairi la gari dogo lenye 88 hubeba kilo 560. Tairi la mizigo la 195R14C lenye 106 hubeba kilo 950. Saizi inaweza kufanana kwa macho. Abiria wa Ujiji na mizigo yao hawajui tofauti hiyo, wewe uliyefunga ndiye unayeijua.

Upepo, soma karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa, na mafundi wetu wanajaza kwa psi: 210 ni 30, 220 ni 32, 230 ni 33. Pima asubuhi kabla gari halijatembea.

Rimu zikishakuwa sahihi na bado gari linalalamika, liulize maswali kabla hujafungua kitu. Mtikisiko uko wapi? Ukiwa kwenye usukani, anza na magurudumu ya mbele; ukiwa kwenye kiti, anza na ya nyuma. Unakuja kwa kasi fulani tu kisha unapungua ukizidisha? Hiyo mara nyingi ni balansi, au tope lililokauka ndani ya rimu. Masika hili linatokea sana, na dawa yake ni maji na brashi. Unakuja ukikanyaga breki peke yake? Tazama diski. Unakuja ukikanyaga mafuta na kutoweka ukiachia? Kiungo cha ndani cha draivu shafti. Na ule mlio wa ka-ka-ka ukikata kona kali taratibu ni kiungo cha nje. Angalia mpira wake uliopasuka, maana vumbi letu jekundu likichanganyika na grisi linasaga chuma kama msasa.

Beringi huvuma. Sauti hupanda na kasi, haijali gia. Tafuta barabara iliyo wazi, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto uzito hulalia magurudumu ya kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, mshukiwa ni beringi ya kulia. Lakini tairi lililolika kwa mabaka nalo huvuma hivyohivyo. Kabla ya kuagiza beringi, hamisha magurudumu ya mbele nyuma, na ya nyuma mbele. Sauti ikihama nayo, umeokoa pesa.

Gari linalovuta upande mmoja lilinikutanisha na mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, aliyekuwa ameshaambiwa abadilishe stelingi raki nzima ya Noah yake. Tulianza na upepo: ulikuwa sawa. Tukabadilishana matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto, kwa sababu tairi peke yake linaweza kuvuta: bado. Kisha tukaendesha kilomita chache bila kugusa breki kadiri ilivyowezekana, tukasimama, nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ya mbele kushoto ilikuwa inachoma. Pistoni ya kalipa ilikuwa imeganda kwa kutu, na padi zilikuwa zikisugua diski muda wote. Ilisafishwa, ikawekewa raba mpya, akarudi Kibirizi kwenye biashara yake siku ya pili.

Matairi husema kabla ya gari. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika katikati, ulizidi. Likilika ukingo mmoja, alaimenti imehama, au bushi ya mkono wa chini imekwisha, na ukifanya alaimenti juu ya bushi iliyokwisha umetupa pesa. Mabaka ya hapa na pale ni shokapu au balansi. Pitisha kiganja juu ya kashata kwenda na kurudi: ikikwaruza upande mmoja kama magamba ya samaki, magurudumu hayatazami mbele sawasawa.

Nitoke kidogo kwenye magurudumu, kwa sababu ugonjwa wa pili wa magari ya zamani kwetu ni kuchemsha, na jiografia inachangia. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila unakokwenda kutoka pwani yake unapanda. Kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 97, na milimani chini ya hapo. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko cha rejeta, kile chenye namba 0.9 au 1.1 juu yake. Raba yake ikichoka, maji huchemka mapema ingawa kila kitu kingine ni kizima. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote, nacho hubadilishwa mwisho. Baada yake safisha mapezi ya rejeta kwa maji yanayotoka upande wa injini kwenda nje, utaona wadudu na udongo unaotoka. Kagua feni na mkanda. Na usikubali thermostati itolewe itupwe. Injini isiyo nayo inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta na kulika silinda, na maji yanayokimbia bila kizuizi yanaweza kuficha tatizo la rejeta hadi siku ya mlima. Maji yaliyochotwa ziwani usiyaweke isipokuwa kwa dharura. Yana chumvichumvi zinazoganda kwenye mirija. Tumia kuleanti, au maji yaliyosafishwa kama yale ya betri.

Stata ikigonga mara moja na kunyamaza, usikimbilie stata. Voltimita ikisoma 12.6 betri imejaa, 12.2 imebaki nusu, na injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Safisha ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri kwa maji ya moto, kaza waya wa ardhi, ujaribu tena. Kwa injini za zamani zenye waya ndefu za plagi, kama 5A ya Corolla 110, zinazokohoa wakati wa mvua, fungua boneti usiku pasipo na taa, injini ikiunguruma. Waya mbovu itajionyesha yenyewe kwa cheche za buluu.

Nirudi kwenye siku ya kufunga rimu zako mpya. Uso wa habu usugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kwa sababu ganda la kutu lenye unene wa kucha linatosha kuilaza rimu. Hapa bandarini kwetu kuna ushahidi wa kutosha kwamba grisi huokoa chuma. Meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, na mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo ilifufuka, na mwaka 1927 ilirudi kazini. Kwa hiyo pakaza grisi, lakini utando mwembamba, juu ya mdomo wa habu tu, ili pete na rimu zisigande. Nyuzi za stadi na viti vya nati viache vikavu. Nati yenye grisi huteleza, na nguvu ileile ya mkono inavuta stadi kupita kiasi.

Anza nati zote kwa vidole, gurudumu likiwa hewani. Zibane kwa kupishana, ya juu kisha ya chini, kwa awamu tatu. Shusha jeki ndipo umalizie. Usimruhusu mtu apande juu ya spana na kurukaruka. Stadi huvutika, na iliyovutika haishiki tena. Toyota ndogo zinataka nguvu ya takriban Nm 103. Kama huna spana ya kipimo, vaa kwenye spana bomba la chuma ili urefu wote uwe nusu mita, lilaze sawa na ardhi, na uning'inize kwenye ncha yake ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Maji, maana mawese ni mepesi kidogo. Uzito huo pamoja na ndoo yenyewe unakupa karibu kabisa na kipimo. Fanya mara moja ili mkono wako uujue.

Kisha endesha. Ukifika Uvinza, au ukimaliza safari mbili tatu za Mwandiga, acha rimu zipoe kabisa na upite tena kwenye kila nati. Nyingi hazitasogea. Kama mojawapo imezunguka hata robo, usiikaze tu ukaondoka. Ivue, ushike tochi, utazame kiti chake: kama kimelika upande mmoja, vua gurudumu zima, na futi yako ya chuma irudi kazini pale pale kando ya barabara.